Mashuka Yaliyopita Juu ya Paa

Katika mji wetu wa Torre Ginestra, mwanamke akiolewa bila mashuka hafi, lakini hutamani kufa. Shangazi yangu Concezia aliolewa bila mashuka, akalalia godoro tupu, na miaka yote aliyoishi baadaye alijigamba kwa godoro hilo kuliko wenzake walivyojigamba kwa hariri. Mimi ni binti wa kaka yake. Nimeisikia habari hii jikoni kwake mara nyingi hata najua ni wapi alikuwa akitia chumvi, na chumvi hiyo nitaiacha palepale, maana chakula bila chumvi nani atakila.

Kwetu, mtoto wa kike akishajua kushika sindano huanza kujaza kasha lake. Kitani hupandwa na mama, huloweshwa mtoni mpaka kinuke, hupondwa, husokotwa, hufumwa, kisha hutandazwa majanini ili jua likitie weupe. Halafu msichana hukaa kwenye ngazi za nyumba akitarizi, na macho yake yakishachoka ndipo huambiwa yuko tayari kuolewa. Wiki moja kabla ya harusi, wanawake wa ukoo wake hujitwika vikapu vilivyojaa mashuka na kupita navyo njia kuu polepole, ili kila dirisha lipate cha kusema. Mama mkwe husimama mlangoni kwake, huyapokea, na kutandika kitanda mbele ya watu wote. Shuka likiwa na fundo, fundo hilo litatajwa hata matangani kwako. Na kuna jambo moja ambalo mama mtu hulifanya bila kusema: katika pindo la shuka mojawapo hushonea lozi za sukari, siri yake na Mungu, ili ndoa iwe tamu.

Mashuka ya Concezia yalikuwa na mioyo miwili ya uzi mwekundu kwenye kila kona. Alianza kuitarizi akiwa bado anapangusa makamasi kwa mkono, na ile ya mwanzo imepinda kidogo. Alikuwa akimtarizia mume asiyemjua, mpaka alipomjua Panfilo.

Panfilo alikuwa seremala mrefu na mpole, mwenye mikono ya dhahabu na ulimi wa mbao. Kumtoa neno ilikuwa kama kung'oa msumari ulioshika kutu. Nadhani mama yake, Zelinda, ndiye aliyekuwa amemaliza maneno yote ya nyumba ile. Mjane huyo akiita kuku wake kisimani, padri alimsikia kanisani. Tangu uchumba ulipofungwa alikuwa amewatangazia watu wote kwamba mkamwana wake anakuja na mashuka mazuri kuliko ya mke wa daktari, naye mke wa daktari alikuwa amepata habari hizo siku hiyohiyo.

Kilichomnyima Concezia usingizi kilikuwa Argentina. Kaka yake Panfilo alikuwa huko, na alikuwa amemtumia mdogo wake tikiti ya meli itakayotoka Napoli baada ya mavuno ya zabibu. Miaka miwili tu, alisema, halafu mtu anarudi na pesa za kununulia shamba. Miaka hiyo miwili tu Concezia aliijua vizuri. Baba yake, yaani babu yangu, alikwenda Argentina kwa miaka miwili tu wakati Concezia anatambaa. Alituma picha moja amevaa kofia, amesimama karibu na farasi wa watu. Basi. Bibi yangu Berenice aliishi mjane mwenye mume mzima, na ile picha aliigeuza ikatazama ukuta.

Panfilo mwenyewe hakutaka kwenda. Alisema kazi ya Injinia ikiendelea, atabaki; ikifungwa, hana la kufanya, atapanda meli. Kwa hiyo maisha ya shangazi yangu yalikuwa yananing'inia kwenye mashine ambayo mji mzima ulikuwa unaicheka.

Injinia Oderisio alikuwa amekuja kutoka pwani, miaka michache baada ya Vita Kuu, na injini yake juu ya gari la ng'ombe. Alipanga lile banda kubwa la sufu chini ya mji, lililobaki tupu kondoo walipopungua. Alikuwa mtu mwembamba, koti lake lina matundu ya moto, na alisahau kula mpaka bibi yangu akaanza kumwita mezani kwetu, ambako ugali wa mahindi humwagwa juu ya ubao na kila mtu hula kuelekea katikati. Yeye alikuwa akichora kwa uma kwenye ugali wake. Mashine yake ilikuwa na kiti kimoja, injini, na juu yake mapanga marefu yaliyopangwa jozi mbili, moja juu ya nyingine. Jozi ya juu ilizunguka huku na ya chini ikazunguka kule, ili mtu aende juu moja kwa moja, bila kukimbia kwanza uwanjani kama ndege ya kawaida. Siku hizi hata mtoto angesema ni helikopta. Wakati ule watu wetu waliitazama na kuona kinu cha kahawa, na jina likawa hilo, Kinu. Kinu kilisaga kelele tu. Kuku waliacha kutaga, padri alilalamika, na wazee kwenye baraza ya mvinyo walimuuliza Panfilo kila jioni kama kahawa imekwisha kuiva.

Mbavu za mapanga yale alizichonga Panfilo. Juu ya mbavu iliwambwa nguo, na juu ya nguo ikapakwa dawa inayonuka ili ikaze kama ngozi ya ngoma. Mwezi wa Agosti walijaribu, nguo ikachanika yote kwa mpigo, vipande vikaanguka mpaka kwenye shamba la watawa. Ilikuwa pamba ya bei ya chini. Nguo nzuri iliyoagizwa mjini haikufika, na waheshimiwa waliokuwa wakigharamia kazi ile walikuwa wameshatoa ahadi ya kuja Jumamosi. Kinu kikiruka, wataendelea kulipa. Kisiporuka, watafunga banda. Vikapu vya Concezia vilikuwa vipite njia kuu kesho yake, Jumapili.

Panfilo alimkuta Concezia kisimani, akamweleza yote kwa maneno yasiyozidi kumi.

"Mnataka nguo gani?" Concezia alimuuliza.

"Kitani. Kizito kidogo, cha mkono, kipana. Hakipatikani sasa hivi."

"Dukani hakipatikani."

Panfilo akaelewa. Akaweka ndoo yake chini. "Usithubutu, Concezia. Mama ataua mtu."

"Atamuua nani, wewe au mimi?"

"Ataanza na wewe."

"Basi utapata nafasi ya kukimbia," alisema Concezia, akajitwika ndoo yake akaondoka. Aliniambia kwamba maji yalimmwagikia shingoni, lakini mwanamke akishageuka na kuondoka kwa maringo hawezi tena kusimama ajifute.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mama yake. Bibi yangu Berenice alikuwa akikanda unga aliposikia, na aliendelea kukanda. Alimkumbusha binti yake miaka ya kitani, mto wenye barafu, macho yaliyouma. Alimkumbusha ulimi wa Zelinda. Alisema mke wa daktari atacheka mpaka alazwe. Mwisho akauliza, "Sasa kwa mavyaa yako utakwenda na nini?"

"Na Panfilo," alijibu Concezia.

Bibi akaacha kukanda. Alinawa mikono, akaenda chumbani, akafungua kasha mwenyewe. Akaanza kutoa mashuka, akachagua yale yaliyofumwa vizuri zaidi, akayaweka mikononi mwa binti yake moja baada ya jingine.

"Mimi nilikwenda kwa mume na mashuka yote," alisema. "Mashuka ninayo mpaka leo."

Alikuwa na haki ya kuwa mwanamke mchungu, yule bibi yangu, na uchungu wake aliutumia kumfungulia mwenzake mlango.

Walishona bandani, mama na binti, huku Panfilo akivuta na kupigilia. Injinia alishukuru kwa kuinama tu, maana alikuwa na aibu kubwa. Hata hivyo alitaka mioyo ikatwe. Nyuzi zile nzito, alisema, zitafanya panga moja liwe zito kuliko jingine, na mapanga yakipishana uzito mashine itatetemeka. Concezia akamwambia kwamba shuka la bibi harusi halikatwi kona kabla ya harusi, ni mkosi, na kama mkosi haumo kwenye hesabu zake basi auingize. Walibishana kistaarabu mpaka wakapatana: mioyo ibaki, lakini kila panga lipate mioyo sawa, mahali palepale. Kwa hiyo Concezia akatarizi mingine haraka haraka, na Injinia akapima mapanga mpaka yakalingana. Aliridhika. Akatoka kwenda kutafuta mafuta, Panfilo akatoka kumsaidia, Concezia akaenda kuchota maji, na bibi yangu Berenice akabaki peke yake na sindano, akimalizia pindo la mwisho.

Jumamosi mji mzima uliteremka bandani. Waheshimiwa watatu walikaa kwenye viti vya kanisa, wamevaa kofia nyeupe. Zelinda alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya wote, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyechonga. Wanaume wanne, Panfilo akiwa mmoja wao, walishika kamba zilizofungwa miguuni mwa mashine isije ikaenda upande. Injinia alipanda kitini, akavaa miwani, injini ikanguruma.

Mapanga yalipoanza kushika kasi, Kinu kilianza kutetemeka. Kwanza kidogo, halafu kikatetemeka kama mgonjwa wa homa ya malaria, miguu ikidundadunda chini na Injinia akirukaruka kitini. Kofia ya mheshimiwa mmoja iliruka kabla ya mashine. Kisha pindo la panga moja likapasuka, na vitu vyeupe vikaanza kutoka mle kwa kasi ya risasi. Kimoja kiligonga ndoo, kimoja kikamgonga padri tumboni, na kimoja kikampata Zelinda katikati ya paji la uso. Injinia akazima injini. Watoto wa Torre Ginestra, ambao hawahitaji kufundishwa, walikuwa tayari wamepiga magoti wakigombania lozi za sukari.

Hakuna aliyecheka mara moja. Zelinda aliiokota lozi yake, akaigeuza, akaionja kwa ncha ya ulimi. Halafu akatazama juu, ambako mapanga yalikuwa yanamalizia kuzunguka, na yaliposimama mioyo miwili myekundu ilikuwa mbele ya macho yake. Mmoja ulikuwa umepinda kidogo. Alikuwa ameikagua mioyo ile tangu uchumba; angeitambua gizani.

"Hii ni lozi ya harusi," alisema. "Na lile ni shuka langu."

Panfilo aliiacha kamba akaja kusimama katikati ya mama yake na Concezia. Concezia akamsogeza pembeni.

"Si lako bado, mama. Ni langu mpaka kesho."

"Na mengine?"

"Yote yako hapo juu."

"Kwa hiyo kesho nitatandika nini mbele ya watu? Majani?"

"Sijui," alisema Concezia. "Ninachojua ni kwamba hiki kisiporuka, mwanao anapanda meli. Mmoja wako ameshakwenda. Umemwona lini?"

Shangazi aliniambia kwamba alidhani atapigwa kofi, akajiandaa. Zelinda alisimama tu. Watu walisubiri kusikia mjane yule akimpa mtu vidonge vyake, na ndiyo mara pekee mji wetu ulipomwona hana maneno. Alimtazama mwanawe, akalitazama lile panga lenye pindo lililopasuka. Kisha akachomoa sindano yenye uzi kutoka kwenye ukosi wa gauni lake, ambako wanawake wa rika lake waliiweka daima, akampa mkamwana wake.

"Basi shona," alisema. "Kama mmeshaliharibu, angalau liruke."

Injinia alikuwa ameshuka, mweupe kama chokaa, akiuliza ni nani aliyetia vitu mle. Bibi yangu Berenice alijitokeza. Alisema ametia lozi chache tu, kwa ajili ya baraka.

"Chache kiasi gani, mama?"

"Konzi moja," alisema bibi, halafu, kwa kuwa padri alikuwa anasikiliza, "konzi mbili."

Ndipo Injinia akacheka, akacheka mpaka akashika mguu wa mashine yake asianguke, na mji mzima ukacheka pamoja naye, hata mheshimiwa aliyepoteza kofia. Kilichobaki ndani ya pindo kilitolewa. Concezia akapanda ngazi, akashona mbele ya watu wote, na kutoka chini Zelinda alimwambia mahali ambapo mshono umekwenda upande.

Mara ya pili Kinu hakikutetemeka. Mapanga yalizunguka mpaka yakawa kama duara la moshi, vumbi likatufunika, nasema likatufunika ingawa mimi sikuwa nimezaliwa, na watu wakajishika kofia na sketi. Concezia hakuitazama mashine. Macho yake yalikuwa kwenye kamba mikononi mwa Panfilo. Ilikuwa imelala chini, imelegea. Ikaanza kunyooka. Ikanyooka ikakaza, ikavuta mikono ya Panfilo juu, na Concezia akaanza kulia kabla mtu yeyote hajapiga kelele.

Kinu kilipanda kikapita paa la banda. Hiyo ni kweli, mashahidi wapo. Kikakaa pale hewani kama kinachofikiri, kwa muda ambao padri aliweza kusema Salamu Maria na kuirudia, halafu kikashuka taratibu, kikakaa chini kama kuku juu ya mayai. Hakikwenda popote. Lakini kilipanda na kushuka palepale, na hicho ndicho walichokuja kukiona wale waheshimiwa, wakaanza kumpongeza Injinia.

Zelinda alisimama juu ya kiti chake. Maneno yalikuwa yamemrudia yote.

"Mke wa daktari," aliita, na mke wa daktari alikuwa karibu kabisa, hakukuwa na haja ya kuita. "Mashuka yako yalibebwa kwa vichwa vya watu. Ya mkamwana wangu yamepita juu ya paa."

Jioni ile alitia tikiti ya meli chini ya sufuria akachochea moto, ugali ukaiva nayo. Panfilo aliula, akasema mtamu.

Na vikapu vya Jumapili? Zelinda alikataa desturi ivunjwe. Panfilo aliyafungua mapanga, Injinia akaruhusu kwa siku moja, na wanawake wa ukoo wetu wakajitwika yale mapanga yenye mioyo, wakapita njia kuu. Kwenye kona ya mwoka mikate hayakuweza kupinda, ikabidi yapitishwe juu ya ukuta. Zelinda aliyapokea mlangoni na kuyalaza kitandani, ncha zikatokea dirishani, akasimama kando yake akiwaonyesha watu mishono. Jumatatu mapanga yalirudi bandani. Wiki iliyofuata maarusi walilalia godoro tupu.

Injinia alifanya kazi kwetu mwaka mmoja zaidi, kisha akaitwa mji mkuu pamoja na mashine yake. Huko kiliruka tena, wakubwa wakapiga makofi, wakasema kinapendeza, na hakuna kiwanda kilichotengeneza cha pili. Kilibaki kimoja, kikafia ghalani. Panfilo kufikia hapo alikuwa na karakana yake. Watu waliotembea kutoka vijiji vya mbali kutazama Kinu walikuwa wameona kazi ya mikono yake, wakamwagiza milango na makasha ya harusi, na hakufunga tena virago vya kwenda popote. Injinia alikuja mara moja uzeeni mwake kula ugali. Aliniletea pipi, na shangazi alimpa habari kwamba bado hajapata mashuka mengine mazuri kama yale. Alikuwa anamtania, lakini yule mzee aliinama vilevile.

Kisha ukaja ule mwaka wa theluji, nikiwa msichana mkubwa, tulipofungiwa mlimani bila unga. Helikopta ya jeshi ilitua kwenye uwanja wa kupuria ngano, pale palipokuwa na banda. Watu wote walikimbilia magunia ya unga iliyoyaleta. Shangazi Concezia aliizunguka mashine yenyewe, shali kichwani, akanyoosha mkono akaligusa panga, akaurudisha haraka.

"Baridi," alisema. "Chuma kitupu. Mwanangu, hamkupata mwanamke wa kuwapa shuka?"

Rubani alikuwa kijana wa kaskazini, mwenye adabu. Alimweleza kwamba hizi hutoka kiwandani, nyingi, zote sawa.

"Chetu kilikuwa kimoja," alisema shangazi.

"Mlikuwa na helikopta hapa, mama?" Kijana alitabasamu. "Ikaruka?"

Shangazi aligeuka akatafuta kwa macho. Kwenye theluji, mzee mrefu alikuwa amebeba gunia la unga, limemtobokea mgongoni, unga ukiacha nyuma yake njia nyeupe juu ya nyeupe, na wanawake wanamkaripia bila yeye kujibu neno.

"Yule asiyejua kubeba gunia, unamwona?"

"Namwona."

"Alikuwa aende Argentina," alisema shangazi, akaenda kumshikia gunia upande mmoja.